Nusu Senti ya Kisongo

Kazi niliipata kwa sababu ya mchele. Nawaandikia ninyi mnaobaki dukani, hasa wewe Neema, uliyenisumbua tangu masika ukisema, "Mama Anaeli, usiondoke na mambo yote kichwani." Basi nianze na ukweli huo. Sikuwa na cheti cha kutambua sarafu za kale, na mpaka nimestaafu sijakutana na mtu mwenye cheti cha namna hiyo. Nilikuwa na macho tu, na shangazi aliyepanga chumba Kaloleni, Arusha.

Nilikuwa nimetoka kwetu Tengeru kumtembelea, nimekaa uani na ungo mapajani nachambua mchele. Jirani yake mmoja, Mzee Sefu, mtu wa asili ya Tanga, alikuwa anapita kwenda kwenye duka lake. Duka lile lilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, na ndani yake vilijaa vitu ambavyo havikubaliki tena kununulia hata kiberiti: rupia za Wajerumani na heller, vile visenti vyao vidogo, senti zenye tundu za wakati wa Waingereza. Alikuwa anamlalamikia shangazi kwamba macho yake yameanza kuingia ukungu, na mtu wa kazi yake akikosa macho ni sawa na muuza samaki aliyekosa pua. Katikati ya malalamiko akanyamaza, akainama juu ya ungo wangu.

"Binti, hilo jiwe umelionaje?"

"Linang'aa vibaya, mzee."

"Mchele unang'aa. Jiwe linang'aa. Sasa vibaya ndiyo vipi?"

Sikuwahi kufikiria jambo hilo. Nikaangalia tena. "Mchele unang'aa kutoka ndani," nikasema. "Jiwe linang'aa juu juu, kama limepakwa."

Mzee Sefu akamgeukia shangazi. "Huyu mtoto ana kazi Jumatatu?" Shangazi akajibu kabla yangu kwamba sina kazi siku yoyote. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Jumatatu hiyo niliharibu mambo kabla sijagusa kitu. Nilikuwa nimejipaka mafuta mikono yote mpaka viwiko, kama msichana anayekwenda kuonwa na wakwe. Mzee Sefu alininusa nikiwa bado mlangoni. Akanyoosha kidole kuelekea bombani. Nikanawa kwa sabuni, nikarudi, akaikagua mikono yangu kama nesi, akanyoosha kidole tena. Nilinawa asubuhi nzima. Ilipofika wakati wa chai ngozi yangu ilikuwa imekauka na kufanya mistari kama udongo wa kiangazi, na hapo ndipo aliponipa sarafu ya kwanza.

"Ishike kwa ukingo. Usoni usiguse. Kidole cha binadamu kina chumvi na mafuta, na alama yake inakaa kwenye shaba hata mwenye kidole akishazikwa."

Halafu nikafungua mdomo kumuuliza swali, akaniziba kwa kiganja. Nalo lilikuwa somo: usizungumze juu ya sarafu. Tone la mate lisiloonekana leo linakuwa doa jeusi mwakani. Tatizo ni kwamba Mzee Sefu alipenda mazungumzo kuliko chakula, kwa hiyo alikuwa amejizoeza kuongea akiwa amegeuza shingo kabisa, sarafu iko mbele na mdomo uko dirishani. Nami nikajifunza hivyo. Wateja wageni waliingia wakatukuta mimi natazama ukutani na yeye anatazama barabarani, tunajibizana kwa sauti kubwa, wakadhani tumegombana. Mama mmoja alitaka kutupatanisha.

Kuhusu vifaa sitawachosha, kwa maana mnavyo. Lenzi ile yenye ufa pembeni ndiyo aliyonikabidhi yeye, na ufa haukuwa wangu. Mizani ya sonara, taa ya mezani yenye balbu ya manjano, kitambaa cha mahameli cheusi. Msiweke sarafu kwenye vifuko laini vya nailoni. Vinatoa jasho la kijani baada ya muda, na jasho lile linakula shaba. Na wakati wa masika, ukungu wa Meru ukishuka mpaka barabarani, kausheni hewa ya kabati kwa vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Wauza viatu wa sokoni walizoea kuniwekea. Walidhani ninavifanyia uganga, nami sikuwasahihisha, kwa sababu tangu waamini hivyo hakuna aliyethubutu kuninyima.

Adui mkubwa wa kazi hii si mwizi. Ni mtu msafi. Sijui ni wangapi waliopanda ngazi zile mbili za mlangoni wakiwa na furaha usoni na kitambaa mkononi, wakasema, "Nimewaoshea." Ndimu na majivu. Steelwool ya kusugulia sufuria. Baba mmoja wa Kisongo alitumia dawa ya meno. Rupia ya fedha iliyokaa na rangi yake ya kijivu kwa karne nzima ikaja imekwanguliwa inametameta kama sufuria ya bibi harusi. Mzee Sefu alikuwa anaipokea kwa mikono miwili, anaitazama, anapumua, kisha anasema kwa upole mkubwa, "Ahsante. Umejitahidi." Halafu anakwenda kukaa kidogo chumba cha nyuma.

Sasa niwaambie jinsi sarafu za Marekani zilivyoingia kwenye duka la Kaloleni, kwani kila mwanafunzi wa vitendo anayekuja huuliza.

Kuna aina ya sarafu ambazo wenzetu wa nje wanaziita pruf. Zilitengenezwa si kwa ajili ya sokoni, bali kuonyesha jinsi sarafu inavyotakiwa iwe. Walisugua muhuri wa chuma mpaka ukawa kioo, wakasugua na kipande cha shaba chenyewe, wakakipiga polepole na kwa nguvu zaidi ya kawaida, mpaka kila unywele wa mwanamke wanayemchora kwenye sarafu zao ukasimama peke yake. Zikapewa wageni wa heshima na watu wachache waliozipenda. Zile za mwanzo kabisa, Wamarekani wenyewe hawakuweka hesabu nzuri ya walichotengeneza, na ndiyo maana watu wazima wanakosa usingizi kwa ajili yake. Mzee Sefu alikuwa anaziita sarafu za harusi. "Hizi nyingine zilikwenda sokoni zikafanya kazi," alisema. "Hii ilivaa nguo yake siku moja, ikaingizwa ndani, haikutoka tena."

Arusha nzima, kwa kadiri tulivyojua sisi, watu waliokuwa wagonjwa wa sarafu za harusi za Kimarekani walikuwa wawili tu. Mungu kwa ucheshi wake aliwafanya wasipendane.

Wa kwanza alikuwa Mzee Elifuraha, mkulima wa kahawa na ndizi kutoka juu ya Tengeru, mzee wa kanisa, mrefu, aliyevaa koti hata jua likichoma. Ujanani alifanya kazi na mwalimu mmoja wa mifugo kutoka Marekani, na mwalimu yule alipoondoka alimwachia sarafu moja ya senti tatu, ya nikeli, ndogo kama kifungo cha shati, inayong'aa kama tone la maji. Mzee Elifuraha aliitazama jioni moja, na kwa maelezo yake mwenyewe hakupona tena. Kila alichokipata baadaye alikitunza ndani ya pipa la kuhifadhia kahawa, eti mwizi wa Meru anaweza kuiba ng'ombe, lakini hawezi kuiba kahawa ya mzee wa kanisa.

Wa pili alikuwa Haji Twaha, muuza vipuri vya magari, jirani yetu wa mtaa wa pili. Huyu alikuwa mfupi, mnene, mwenye kicheko, na aliingia dukani siku moja kutafuta chenji. Akamkuta Mzee Elifuraha anaonyesha senti tatu yake. Haji akaomba kuiona. Mzee Elifuraha akamwambia, kwa nia njema kabisa, "Hii si kitu cha mtu wa vipuri." Kesho yake Haji alirudi kutuuliza tunaweza kumtafutia sarafu ya Marekani ya aina ile, ila kubwa zaidi.

Kuanzia hapo walikuwa wakikutana dukani kama majogoo wawili kwenye ua mmoja. Heshima haikupungua, ila ilikuwa na miiba.

"Shikamoo, Mzee Elifuraha. Habari za migomba?"

"Marahaba, Haji. Inasimama. Habari za nati na bolti?"

"Zinauzika, mzee, alhamdulillahi. Zenyewe hazingoji mvua."

Umri wao ulitofautiana kwa miaka michache tu, lakini Haji hakukosa hata siku moja kumpa shikamoo, na aliitoa kwa namna ya kumkumbusha mwenzake kwamba kaburi liko karibu naye zaidi. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wake zao. Wote wawili walikuwa na watoto waliodhani baba ameanza kuzeeka vibaya. Mzee Sefu aliniambia, shingo ikiwa dirishani, "Wale ni mtu mmoja aliyezaliwa mara mbili. Usiwaambie."

Kilichowauma wote kilikuwa kimoja: nusu senti ya Marekani. Kuna miaka, kuanzia elfu moja mia nane na arobaini, ambayo nusu senti hazikutengenezwa kwa ajili ya sokoni hata kidogo. Za miaka ile ni za harusi tupu. Ukipata moja, ni hiyo. Na baadaye wale wale Wamarekani wakatengeneza nyingine kwa muhuri wa mwaka wa zamani ili kuwafurahisha wakusanyaji, kwa hiyo kuna za kwanza na za kurudiwa. Hutofautishwa kwa shada la majani lililo nyuma: vitunda vya za kwanza ni vikubwa, vya za kurudiwa ni vidogo. Niliyajua hayo kutoka kwenye picha tu. Mzee Sefu naye aliyajua kutoka kwenye picha. Tulikuwa kama mapadri wanaofundisha juu ya ndoa.

Basi asubuhi moja akaingia Bi Rehema.

Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kondoa, anakaa Kisongo karibu na uwanja wa ndege. Mumewe, Mmarekani aliyekuwa rubani wa ndege ndogo, watu walimwita Bwana Toma, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hakuwa mteja wetu. Tulimjua kwa kumwona tu akinunua nyanya. Bi Rehema akaketi, akafungua mkoba, akatoa kiboksi cha ngozi cha kuwekea pete. Ndani kulikuwa na nusu senti ya shaba, nyekundu upande mmoja na kahawia upande mwingine, na mwaka wake ulikuwa miongoni mwa ile miaka.

Mzee Sefu alishika ukingo wa meza.

"Toma alipewa na baba yake," Bi Rehema akasema. "Alikuwa anaitazama kila Jumapili. Aliniambia ndicho kitu pekee cha kweli alichotoka nacho kwao. Mimi siielewi, na wanangu wangeitoboa waivae shingoni. Nataka ikae na mtu atakayeitazama kila Jumapili."

"Mama," Mzee Sefu akasema, na sauti yake ilikuwa imetoka nje ya mwili, "tuachie kidogo."

Alipoondoka tukafunga mlango. Sikumbuki kama tulikula. Nikaiweka juu ya mahameli, taa pembeni, lenzi jichoni. Vitunda vilikuwa vikubwa. Nywele za yule mwanamke zilisimama moja moja. Nikamwambia Mzee Sefu, naye akasema "Subhanallah" kuelekea kabatini. Halafu nikaipima, na mizani ikasema jambo ambalo sikulipenda. Si tofauti kubwa. Shaba ya zamani haina utii kamili, hilo tulijua. Nikaigeuza nitazame ukingo, na hapo nikaona mstari, mwembamba kuliko unywele, unaanza, unapotea, unaanza tena.

"Mzee, kuna kitu kwenye ukingo."

"Mkwaruzo."

"Na inang'aa vibaya."

Tangu siku ile ya ungo sikuwahi kumwambia neno hilo kwa sarafu ambayo yeye anaipenda. Sote wawili tulikuwa tumesoma kitabuni: zamani, watu wa makumbusho na wakusanyaji waliokosa sarafu adimu walifanya nakala yake kwa kuigandisha shaba kwa umeme kwenye chapa ya ile ya kweli, kila upande peke yake, kisha wakajaza madini ya risasi katikati na kuunganisha. Nakala hiyo inabeba kila unywele. Inabeba na vitunda vikubwa. Isichoweza kuficha ni mshono.

"Hatuna uhakika," akasema mwishowe.

"Hatuna."

"Basi tuwaite wale wawili waone. Macho manne zaidi."

Nilimwambia hilo ni kosa. Akasema yeye ndiye mwenye duka. Akawapigia simu wote, na kwa adabu yake ya Kitanga hakutaka kumtanguliza mmoja, akawapa saa ile ile. Akamwita na Bi Rehema, kwa sababu mwenye mali lazima awepo.

Nimeona mengi katika kazi hii, lakini sijaona tena chumba kidogo kikiwa na watu wasiopumua kama siku ile. Mzee Elifuraha alikuja na koti la Jumapili. Haji alikuja amejifukiza udi. Walipoonana mlangoni wote wawili walitaka kurudi, na wote wawili wakaona aibu kurudi kwanza.

"Kabla hamjaishika," nikasema, "kuna jambo la ukingo..."

"Anaeli, mama, nimengoja maisha yangu yote," Mzee Elifuraha akasema. "Ukingo utangoja dakika."

Akainyanyua kama anavyonyanyua mkate wa meza ya Bwana. Machozi yakamlengalenga. Haji alisimama nyuma yake, akijinyoosha kwa vidole vya miguu, akitazama juu ya bega lisilofikika.

"Mzee, tunaomba na sisi wa vipuri."

"Subiri."

"Nimesubiri. Utaimaliza kwa kuitazama."

"Haji, sarafu ya namna hii haitaki papara."

"Wala haitaki kufugwa kwenye pipa la kahawa!"

Sitasema nani alivuta na nani alikataa, maana mpaka leo kila mmoja ana maelezo yake na wote bado wananipikia. Ninachojua ni kwamba sarafu ilitoka mkononi, ikapiga ukingo wa meza, ikaanguka sakafuni. Shaba ikianguka kwenye sementi hulia, inaimba kidogo. Hii ilisema "kop," kama kifuniko cha chupa. Kilianguka kitu kimoja, vikabingirika viwili. Kimoja kilikwenda chini ya kabati, kingine kikafika mlangoni na kulala pale, kimefunua tumbo la kijivu.

Haji ndiye aliyekiokota. Akakigeuza. Upande mmoja, mwanamke wa Marekani mwenye nywele zake zote. Upande mwingine, risasi.

"Ina nini hii?" akauliza kwa sauti ya mtoto.

Mzee Sefu akaketi. Nikaeleza, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kueleza: nakala ya zamani, pande mbili, mshono. Nilijitahidi kuchagua maneno, lakini maneno hayo hayachaguliki. Na wakati nazungumza sikumtazama Haji wala Mzee Elifuraha. Nilimtazama Bi Rehema, aliyekuwa amekaa na kiboksi kitupu mapajani.

"Kwa hiyo si ya kweli," akasema.

"Si ile yenyewe, mama."

"Kwa hiyo mume wangu aliniambia uongo. Jumapili zote zile."

Mimi nilijua kazi yangu yote, lakini hapo sikujua kitu. Feni iliendelea kuzunguka juu yetu kana kwamba haijasikia.

Mzee Elifuraha akapiga magoti. Yule mzee mrefu, na koti lake la Jumapili, akajilaza sakafuni akaingiza mkono chini ya kabati, akapapasa mpaka akautoa upande wa pili, wenye shada. Akaufuta vumbi kwa pumzi, jambo ambalo tumekatazwa kabisa, na sikumkemea. Kisha akakaa pale pale chini.

"Bi Rehema," akasema, "marehemu mke wangu, picha yake iko ukutani kwangu. Kila asubuhi naiambia habari za asubuhi. Wewe utaniambia ile ni karatasi?"

Bi Rehema akamtazama.

"Aliyetengeneza hii aliipenda ile ya kweli na hakuweza kuipata. Akafanya picha yake, kwa mikono, kila unywele. Baba yake Bwana Toma labda alijua, labda hakujua. Lakini mtu aliyekuwa akiitazama kila Jumapili, kitu alichokuwa akikitazama kilikuwepo. Huo si uongo."

"Ni kweli," Haji akasema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimkubalia Mzee Elifuraha neno lolote. Nadhani hata yeye alishtuka, maana aliongeza haraka, "Ingawa kama angenipa mimi niishike vizuri isingeanguka."

Bi Rehema akaanza kucheka. Alicheka huku analia, mkono kinywani, na Haji naye kicheko chake hakijawahi kuhitaji mwaliko mrefu, na Mzee Sefu akafuata, na Mzee Elifuraha aliyekuwa bado sakafuni akashindwa kuinuka kwa kucheka mpaka Haji akamvuta mkono. Mteja aliyechungulia mlangoni aliondoka kimya kimya.

Tulipotulia, Bi Rehema alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Haji na Mzee Elifuraha walikuwa wameshika kila mmoja upande wake, na hakuna aliyekuwa anauachia.

"Bado mnaitaka?" akawauliza.

Wakatazamana. "Ndiyo," wakasema pamoja.

"Basi kila mtu abaki na alichoshika. Ila itazamwe nzima, na itazamwe Jumapili, nyumbani kwangu. Nitapika chai."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili. Mzee Elifuraha alimaliza ibada juu ya Tengeru, akashuka. Haji alifunga duka la vipuri. Wakakutana Kisongo barazani, wakaziweka pande mbili pamoja juu ya kitambaa, wakatazama kidogo, kisha wakaanza kubishana juu ya mambo mengine. Mara chache niliandamana na Mzee Sefu. Chai ilikuwa na tangawizi kali, na Mzee Elifuraha alileta ndizi, na ndege ndogo zilipita juu yetu zikishuka, na kila ilipopita Bi Rehema alinyamaza mpaka itue. Wale wazee wawili walijifunza kunyamaza naye. Kwa watu wale, hiyo ni kazi kubwa kuliko kutafuta nusu senti.

Mwaka ulipokwisha, Mzee Elifuraha alifika kwa Bi Rehema siku isiyo ya Jumapili, amebeba mkungu wa ndizi na kahawa iliyokaangwa. Bi Rehema mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alimtazama pale mlangoni na koti lake, akaelewa kwamba amekuja kama mshenga.

"Mzee Elifuraha, umekuja kwa ajili yako au ya mwenzako?"

"Ya mwenzangu," akasema. Akaweka mkungu chini. "Bahati mbaya."

Bi Rehema akacheka, na mzee naye akacheka. Kisha mzee akamsifia Haji Twaha kwa ufasaha ambao Haji hajawahi kuusikia na hatausikia. Alisema ni mtu mkarimu, mwenye kicheko, asiyetupa kitu hata kama kimevunjika. Ndoa ilifungwa Kaloleni. Mshenga Mlutheri alikula pilau sahani mbili, na mashekhe wakamzoea.

Sikuandika haya kwa sababu ya ndoa. Nimeyaandika kwa sababu mwaka huu, Neema, ulinikemea mbele ya mteja kwamba nachelewa kumwambia mtu kitu chake si cha kweli. Ulisema kweli, nachelewa. Mizani inachukua muda mfupi sana. Kinachochukua muda ni kumtafutia mtu mahali pa kukaa kabla hujamwambia, na kiti kimoja hakitoshi kila mara.

Mzee Sefu alitutoka usingizini, lenzi akaniachia mimi, duka likabaki kwa binti yake. Mengine mnayajua, kwa kuwa mlikuwepo. Nakuja kwenye siku yangu ya mwisho, ambayo mlinifanyia keki, na sambusa za Haji zilikuja sinia zima.

Wageni walikuwa wameshaondoka. Nimeshavaa viatu vya kurudia nyumbani, mkoba begani. Akaingia mama mmoja muuza parachichi wa Tengeru, jasho usoni, akafungua pindo la khanga yake. Akatoa kitu cha shaba alichokikuta kwenye msingi wa nyumba ya babu yake, akakiweka juu ya mahameli. Nilikuwa mlangoni. Kwa pale niliona ukingo mkali, uso mweusi, na chini ya ule weusi, kwa sekunde moja, taa ilipoupiga, mng'aro uliotoka ndani.

Neema, ukaniangalia. Nikaona unataka kuniita, na nikaona unataka zaidi nisiitwe. Ukavuta taa karibu, ukamwambia yule mama, "Karibu kiti, mama," kisha ukageuza shingo.

Nikatoka. Nilivuka barabara, nikafika mpaka kwa muuza kahawa, miguu inakwenda mbele na kichwa kinarudi nyuma. Nililala vibaya. Asubuhi nilikuwa nimeshapanga maneno yangu: nimestaafu, hayanihusu, kila kizazi na lenzi yake. Simu ikalia wakati napepeta maharage.

"Shikamoo, Mama Anaeli. Ile ya jana, nikwambie?"

"Marahaba. Hapana."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, mwanangu. Mimi nimeshastaafu."

"Haya, mama. Siku njema."

"Neema," nikasema. "Usikate. Ngoja nikae."